Mradi wa gemu chuoni: mambo ya kujua kabla wiki ya kwanza haijaisha

Miradi mingi ya gemu vyuoni haianguki kwa sababu ya kodi mbovu, yaani maandishi ya programu. Huanguka kwa sababu vipande vyake hukutana mara ya kwanza wiki ya mwisho: michoro iko kwa huyu, sauti kwa yule, kodi kwa wa tatu, na simu ya kujaribia haijawahi kuguswa. Kwa hiyo wekeni sharti moja mapema. Kuanzia wiki ya tatu, kila Ijumaa kuwe na kitu kinachochezeka kwenye simu ya mtu asiye wa kikundi chenu, hata kama ni viboksi vya rangi vinavyosogea.

Pigeni hesabu ya saa kabla ya kuchagua wazo. Muhula wa wiki 14, watu wanne, kila mmoja saa 6 kwa wiki, ni saa 336. Toeni wiki mbili za majaribio ya kati ya muhula, na mbili za mwisho za kurekebisha hitilafu na kuandika ripoti. Zinabaki 240. Sasa tazameni gharama ya mhusika mmoja tu: kutembea fremu 8 (picha moja moja za mwendo), kuruka 4, kupigwa 3, kuanguka 6, jumla 21. Mchoraji anayetumia dakika 20 kwa fremu atamaliza kwa saa 7, iwapo gemu inaonekana kwa ubavu, maana akielekea kushoto ni picha ileile iliyogeuzwa. Gemu ikionekana kutoka juu, mhusika akachorwa pande zote nne, fremu zinafika 84 na saa 28. Huyo ni mmoja, bado maadui. Suala hilo la kamera watu huliamua kwa dakika mbili wakiwa kwenye ngazi za maktaba, kisha mchoraji analilipia mwezi mzima.

Wazo lenyewe lielezwe kwa kitenzi, si kwa hadithi. "Gemu kuhusu Nairobi ya mwaka 2100" si wazo bado. "Makanga anarudisha chenji kabla abiria hajashuka" ni wazo, kwa sababu tunajua mchezaji anafanya nini kwa kidole chake, na tunajua anashindwaje.

Tulichukue hilo la makanga tuone linavyojaribiwa bila kompyuta. Nunua karatasi mbili za manila, ukate kadi 14, idadi ya abiria wa matatu ya nisani iliyojaa. Kwenye kila kadi andika kituo cha kushukia (Ngara, Pangani, Muthaiga, Roysambu au Githurai) na pesa aliyotoa abiria: mia, mia mbili, hamsini. Nauli ya kila kituo iandikwe kwenye karatasi moja mbele ya mchezaji. Sarafu za 5, 10 na 20 tumia za kweli. Mtu mmoja anashika saa ya simu na kutangaza kituo kila baada ya sekunde 20, mwingine anacheza. Raundi moja haizidi dakika mbili, na alasiri moja inatosha kucheza raundi kumi na kitu.

Karatasi itakuonyesha mambo ambayo kodi ingekuonyesha wiki ya tisa. Kwanza, nauli zikiwa hamsini na mia pekee, hesabu ni rahisi mno na mchezaji anachoka. Zikiwa 65 na 85, anaganda. Pili, atagundua kwamba ni nafuu kukusanya pesa za watu wa Githurai mwishoni kwa kuwa wanashuka mwisho. Hapo umepata mkakati, na mkakati ndio gemu. Tatu, sarafu za ishirini zitamwishia. Wengi huona hilo kama kasoro wakaongeza sarafu. Ziache zimwishie. Kumwomba abiria asubiri chenji ni sehemu ya kazi ya makanga, na kila mkazi wa Nairobi ataitambua bila kuelezwa.

Kama kadi hazichangamshi, michoro mizuri haitaziokoa.

Wapo wasio na mchoraji kabisa. Kwao mchezo wa bao ni chaguo zuri kuliko linavyoonekana, mradi wajue ugumu uko wapi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mchezo una sehemu mbili, namua (kete za mkononi bado zinaingizwa ubaoni) na mtaji (zimekwisha mkononi). Data yake ni nyepesi: namba 32 za mashimo na namba mbili za mikononi. Kinachoumiza ni sheria, hasa za nyumba (shimo lenye sheria zake) na za kutakasa (kucheza bila kula), tena wachezaji wa mahali tofauti hawakubaliani kuhusu kila kipengele. Andikeni sheria mnazozifuata kwenye ukurasa mmoja kabla ya kugusa kodi, la sivyo wawili wenu watatengeneza mabao mawili. Halafu wekeni ukaguzi unaojiendesha baada ya kila hatua: kete za ubaoni kujumlisha za mikononi lazima ziwe 64. Zikiwa 63, gemu isimame palepale na kuandika hatua iliyochezwa. Wekeni pia kikomo cha mizunguko, kwa sababu bao lina michezo isiyokoma, na simu itaganda ikisambaza kete milele. Mpinzani wa kompyuta msimwahidi kwenye pendekezo la mradi. Wachezaji wawili kwenye simu moja wanatosha.

Kuhusu injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, kwa gemu ya pande mbili (2D) inayotengenezwa na wanaoanza, Godot inatosha, na ushauri wetu ni huo bila kuzungukazunguka. Ni ya bure, kihariri chake ni faili moja ndogo inayohamishika kwa flashi, na haidai kuingia kwa akaunti bando likiisha. Unity ina mafunzo mengi zaidi na kazi nyingi zaidi za kuajiriwa, ila pamoja na vifaa vya Android inakula gigabaiti kadhaa. Unreal iacheni mpaka mpate mashine yenye kadi ya picha ya maana. Kwenye Godot andikeni kwa GDScript, lugha yake yenyewe ya kuandikia kodi, si kwa lugha ya C#: toleo la 4 lilipotoka mwaka 2023, miradi ya C# haikuweza kutolewa kwa ajili ya kivinjari, ilhali ya GDScript iliweza. Kutoa gemu kwa Android kunahitaji pia JDK 17 (vifaa vya Java), vifaa vya Android SDK na violezo vya kutolea vya Godot. Vipakueni vyote wiki ya kwanza kwa Wi-Fi ya chuo, vinakiliwe kwenye flashi, kila leptopu ivipate kutoka hapo. Kuvitafuta usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, kwa bando la saa moja, ni adhabu ya kujitakia.

Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yenu, ni lazima, hata kwa watu wawili. Ila Git haizuii ugomvi wa faili za mandhari, yaani vipande ambavyo injini huviunganisha kuwa gemu. Wawili wakifungua mandhari ileile ya gemu, mmoja akasogeza basi na mwingine akaongeza kitufe, mgongano utakaotokea ni wa mistari ambayo hakuna binadamu aliyeiandika, na kuutatua kwa mkono mara nyingi huiharibu faili. Dawa ni kugawanya: basi mandhari yake, abiria mandhari yake, vitufe mandhari yake, kila moja na mwenyewe. Anayetaka kugusa ya mwenzake anatangaza kwanza kwenye kundi la WhatsApp. Folda ya .godot, au Library kwa wa Unity, isiingie kwenye hifadhi ya Git kamwe, kwani injini huitengeneza upya yenyewe. GitHub, tovuti ya kuwekea hifadhi hiyo, hukataa faili inayozidi MB 100, hivyo faili ghafi za michoro na video zikae Google Drive, na hifadhini iingie picha iliyokamilika tu. Tuma kazi yako kila unapomaliza kipande kimoja. Stima ya hosteli haitoi taarifa kabla ya kupotea.

Sasa simu. Tafuteni moja ya Android yenye RAM ya GB 2, ya mtumba kutoka maduka ya Luthuli, Nairobi, au ya shangazi wa mtu, na hiyo ndiyo iwe mizani yenu. Leptopu ya mwanaprogramu haitoi ushahidi wowote. Hitilafu tatu hurudi kila mwaka.

Ya kwanza ni mwendo. Mwanafunzi huandika basi lisogee pikseli 5 kila fremu. Kwenye leptopu ya fremu 60 kwa sekunde, basi linakimbia pikseli 300. Kwenye simu inayomudu fremu 30, linatambaa 150, na gemu iliyokuwa ngumu imekuwa rahisi. Andika kasi kwa sekunde, kisha uizidishe kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Injini zote hukupa namba hiyo. Kwenye Godot inaitwa delta.

Ya pili ni majina ya faili. Windows haitofautishi Basi.png na basi.png, lakini gemu ikishafungashwa kwa Android, hizo ni faili mbili. Gemu inafanya kazi vizuri kwenye leptopu, kwenye simu basi halionekani, na kikundi kinapoteza siku nzima kikikagua kodi isiyo na kosa. Herufi ndogo tupu, bila nafasi, kwa kila faili, tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni kumbukumbu. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 ikifunguliwa bila kubanwa inachukua MB 16 za kumbukumbu, hata kama diskini ni MB moja. Mandhari kumi za nyuma za ukubwa huo ni MB 160, na simu ndogo itaifunga gemu bila hata ujumbe wa kosa. Kioo chenye upana wa pikseli 720 hakihitaji picha hizo. Muziki vilevile: dakika moja ya WAV ya stereo ni kama MB 10, kwa hiyo ubadilishwe kuwa OGG, aina ya faili ya sauti iliyobanwa.

Vitufe visipungue milimita 9 kila upande, na visikae pale kidole gumba kinapofunika kitu ambacho mchezaji anapaswa kukiona. Gemu ieleweke pia sauti ikiwa imezimwa. Atakayeijaribu ndani ya matatu hatasikia chochote chenu.

Siku ya Ijumaa, anayejaribu apewe simu, aambiwe "hebu cheza", basi. Msimweleze. Mmoja wenu aandike kidole kilienda wapi kwanza, alisita wapi, alikufa mara ngapi na wapi. Kumuuliza kama ameipenda ni kupoteza muda, kwani atajibu "iko sawa" kwa adabu, na iko sawa haimsaidii mtu. Mwulizeni, "Ulipobonyeza hapa ulitarajia nini?" Watu watano kwa Ijumaa moja wanatosha, mkishaona wanne wamekwama mahali pamoja, rekebisheni kabla ya kumwita wa sita. Wanafunzi wenzenu wa darasa wameshacheza gemu mia, kwa hiyo mtafuteni pia mlinzi wa geti au mama wa kibanda cha chapati wakati hana wateja. Mkitaka kujaribu kwa watoto, mzazi atoe ridhaa, na majina yao yasiingie kwenye ripoti.

Namba za ugumu (sekunde kati ya vituo, idadi ya abiria, bei) zikae kwenye faili moja, zisitawanywe ndani ya kodi. Mbadilishe namba moja tu kati ya Ijumaa na Ijumaa. Mkibadilisha tatu, hamtajua iliyosaidia.

Muziki wa redioni msiutumie bila ruhusa, hata sekunde kumi. Kazi zenye leseni ya CC0, kama picha za tovuti ya Kenney, ni huru kabisa. Za CC BY zinadai jina la mwenyewe litajwe. Faili ya shukrani ianze siku mnayopakua picha ya kwanza, kwa kuwa wiki ya 13 hakuna atakayekumbuka mlio wa honi ulitoka wapi.

Play Store msiiahidi. Akaunti inagharimu dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi hudaiwa kwanza jaribio la faragha la watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwa ajili ya alama, faili ya APK (ya kusakinisha gemu kwenye Android) na ukurasa wa itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, vinatosha. Ukipakia gemu ya kivinjari kwenye itch.io, index.html ikae juu kabisa ndani ya zip, isijifiche kwenye folda.

APK za majaribio zitolewe na leptopu moja tu. Kila leptopu hujitengenezea ufunguo wake wa kutia sahihi, na simu ikiona sahihi tofauti na ya toleo lililopo, inakataa kusakinisha. Ama mnakili ufunguo mmoja kwa wote, ama mmoja wenu awe ndiye mtoaji. Toleo la kuwasilisha liwekwe kwenye simu siku mbili kabla, lichezwe hadi mwisho intaneti ikiwa imezimwa, na video ya dakika mbili ya gemu ikichezwa ihifadhiwe kwenye simu hiyohiyo na kwenye flashi. Bebeni waya wa HDMI wenu. Wa ukumbini huwa umeazimwa na kikundi kilichotangulia.