Kwa nini tunamshangilia akteri ambaye mwenyewe ni bandi

Ndugu, umeuliza kwa nini mdogo wako, kijana aliyelelewa vizuri, anavaa tisheti yenye fuvu la Punisher, yule muuaji wa wahalifu, na kumtetea yule mwalimu mpika dawa za kulevya wa Breaking Bad, tamthilia ya Marekani, kana kwamba ni mjomba wake. Unahofia anajifunza ubandi. (Kwetu akteri ni shujaa wa filamu, bandi ni mhalifu anayepambana naye.) Tisheti tuiweke kando, wengi wanaoivaa hapa Lubumbashi waliitoa kwenye mitumba bila kumjua mwenye fuvu. Hilo la mwalimu ndilo la kuzungumza.

Mimi naweka filamu na miziki kwenye flashi za watu, kibandani, komuni ya Kenya (Kenya ya kwetu, si nchi). Mteja anachukua sehemu za kwanza, anarudi kuchukua zinazofuata, na kabla hajalipa anabishana na waliopo. Ninayosema nimeyapata hapo.

Kuna wanaosema vijana wamechoshwa na mashujaa wasafi. Sikubali. Kijana anayechukua Punisher Ijumaa, Jumamosi anachukua filamu ya karate ambamo akteri hasemi uongo wala hafi. Wanawapenda wote wawili. Ila huyu mchafu hadithi inatuketisha karibu naye, tunaona anavyopiga hesabu zake kabla hajatenda, na mtu ukishaona hesabu zake ni vigumu kumkana.

Mtazame Walter White, mwalimu huyo wa Breaking Bad. Tunakutana naye akiwa bado hajakosa: anafundisha kemia shule ya sekondari mjini Albuquerque, na baada ya masomo anaosha magari ili mshahara utoshe. Siku moja gari analoinamia kusugua magurudumu ni la mwanafunzi wake, na wanamcheka. Halafu anaambiwa ana saratani ya mapafu. Hapa kwetu hatua hiyo ya kwanza haihitaji kuelezwa. Mwalimu gani wa Lubumbashi hana kazi ya pili? Huyu ana shamba la mahindi nje ya mji, yule anafundisha watoto wa watu majumbani jioni. Na kwa miaka mingi, hadi elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2019, wazazi ndio waliokuwa wakichanga primu, nyongeza ya mshahara, ili mwalimu aendelee kuingia darasani. Kwa hiyo Walter anaingia kibandani kwangu akiwa ameshasamehewa nusu.

Kinachonivutia mimi ni mahali kila mtu anapomwachia. Vijana wengi wanakwenda naye hadi mwisho wa msimu wa pili, pale anaposimama kumtazama Jane, msichana wa Jesse, mwenzake wa kupika dawa, akipaliwa na matapishi yake usingizini, naye hamgeuzi. Hapo kelele zinaisha kibandani, wengine wananiomba nirudishe nyuma kuhakikisha wameona sawasawa. Lakini mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alimwacha mapema sana, sehemu ya tano ya msimu wa kwanza. Rafiki wa zamani aliyetajirika anataka kumlipia matibabu yote, na Walter anakataa. Mzee yule alikasirika kweli. "Ugonjwa si wako peke yako! Watu wanakuchangia, wewe unaleta kiburi?" Vijana wakamcheka, kwao kukataa kule kulikuwa uanaume. Mzee hakuchukua sehemu ya sita. Miaka baadaye nilipofika mwisho wa hadithi, sehemu iliyotoka mwaka 2013, Walter mwenyewe anakiri kwa mkewe kwamba alifanya yote kwa ajili ya nafsi yake, kwamba aliyapenda. Mzee alishalijua hilo kabla hata ya vifo vingi kutokea.

Mke wa Walter naye ni ushahidi. Skyler kosa lake kubwa ni kuuliza pesa zinatoka wapi, na watazamaji walimchukia hivyo hivyo, hadi Anna Gunn, aliyemwigiza, akaandika katika New York Times mwaka 2013 jinsi chuki ile ilivyomfuata na yeye binafsi. Kibandani kwangu pia alitukanwa, na waliomtukana walikuwa wamekwisha kuzoea kuketi upande wa mume.

Ukikaa upande mwingine mambo yanabadilika. Punisher hakuanza kama akteri. Wachapishaji wa komiki, vitabu vya hadithi za picha, Marekani walijiwekea kanuni mwaka 1954: mhalifu asichorwe kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie. Kanuni hiyo ililegezwa 1971, na mwaka 1974 Frank Castle, ndiye Punisher, akatokea katika toleo la 129 la The Amazing Spider-Man, akimwinda Spider-Man. Baadaye ndipo alipopewa hadithi zake, tukakaa naye na msiba wa mkewe na watoto waliouawa. Vijana wa hapa wanampenda. Mteja mmoja aliyekuja huku akikimbia vita vya Kivu alitazama sehemu mbili, akaniambia nifute niweke muziki. Alisema kwao kila mwenye bunduki anajiita mwadhibu wa wabaya. Sikuwa na la kumjibu, nikamwekea rumba.

Wazee watasema hata Kalulu, sungura wa hadithi za bibi, ni mwongo na tunamshangilia. Ndiyo, lakini Kalulu hakeshi usiku akisumbuliwa na aliyotenda. Na yupo Riva wa Viva Riva!, filamu ya Djo Tunda Wa Munga ya 2010, anayerudi Kinshasa na petroli aliyomwibia bosi wake wa Angola, akala raha. Hana mgonjwa wala mtoto wa kumsingizia, na kwa sababu hiyo sijamwona mteja akigombana kwa ajili yake. Wanamfurahia, wanamwacha.

Kwa hiyo mdogo wako usimuulize kama anampenda Walter. Muulize alimwacha wapi. Akikutajia mahali, hata kama si pale ulipomwachia wewe, mwache atazame. Akisema hajamwacha popote, kaa naye mrudie ile ya Jane, na safari hii wewe uwe mtetezi wa Jane, si wa Walter. Ni sehemu ya 12, msimu wa pili. Ukiikosa pita kibandani, ninayo ya sauti ya Kifaransa.