Kuhusu ile meseji ya "Paroko" anayeomba hela ya mseminari

Milele amina, dada. Umeuliza kama utume 50,000 aliyoomba "Paroko" kwa ada ya mseminari, kwa namba usiyoijua. Usitume. Mpigie Paroko kwa namba unayoijua siku zote, au mfuate sakristia baada ya Misa. Padre wa kweli hatakasirika kuulizwa.

Kwetu alikuja mmoja kwa mtindo huohuo, tena picha ya Padre ameiweka kabisa kwenye wasifu wa WhatsApp. Kilichomuumbua ni haraka: "nipo kikaoni, usipige, tuma sasa hivi." Na jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la Padre wala la parokia. Mama wa jumuiya yetu aliliona, akaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Meseji kama hizo, kwa hapa Tanzania, zipeleke 15040, ni bure.

Wanapenda msimu huu kwa sababu Jumapili ya 4 ya Pasaka, ya Mchungaji Mwema, ndiyo siku ya kuombea miito ya upadre na utawa tangu Papa Paulo VI alipoianzisha mwaka 1964, na watu mioyo imelainika. Ukitaka kusaidia seminari, toa kanisani kwa bahasha, udai risiti.

Sala yenyewe ya kuombea miito haihitaji kutuma hela kwa namba yoyote. Jumuiya yetu tunasali fumbo moja la rozari kwa ajili ya miito kila Alhamisi, halafu tunasoma Luka 10:2, pale Yesu anaposema tumwombe Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi. Anzeni hata watatu.