Kigeu Kisichogeuka

SWALI: Nimezoea kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, lakini katika Haskell nakwama, kwa kuwa siwezi kubadili thamani ya kigeu, yaani jina linaloshikilia thamani ndani ya programu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, jina lenyewe linakupotosha, kwani katika Haskell, lugha iliyotolewa mwaka 1990, kigeu hakigeuki: ni kama herufi x katika mlinganyo wa hisabati. Ukitaka kuzidisha kwa mbili namba za orodha ya 3, 5 na 8, fankisheni, yaani kipande cha programu kinachopokea kitu na kurudisha jibu, hukutengenezea orodha mpya ya 6, 10 na 16, huku ile ya awali ikibaki ilivyo. Na kwa kuwa fankisheni hiyo ikipewa kitu kilekile hurudisha jibu lilelile, kutafuta makosa huwa rahisi zaidi. Usiiache Python bado (mimi niliiacha mapema, nikajuta). Andika humo kwanza fankisheni zisizogusa chochote kilicho nje yake.