Kofia na Bahasha: Mambo ya Kumaliza Dar Kabla Ndege Haijaruka

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, na kila ufikapo Juni ofisi zetu za Dar es Salaam hupokea vijana wapya ambao wanajua kujaza fomu za vibali na kupanga ndege za kukodi, lakini wanadhani mambo mengine yatajipanga yenyewe yakifika kambini. Wiki hii nimesoma rasimu ya barua kwa mgeni iliyosema, kwa maneno machache kabisa, kwamba aje na kofia na kwamba bakshishi ni hiari yake. Hakuna uongo katika sentensi hizo mbili, na hakuna msaada wowote pia. Wadogo zangu, nawapenda, ila barua ya namna hiyo nimekwisha kuiona kila msimu, na kila msimu inatuletea aibu zilezile.

1. Kofia ya mabakamabaka isipande ndege. Sheria zetu haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa yeyote aliyekuwa nayo ayasalimishe. Mgeni anayetoka Marekani hajui hilo, kwa kuwa kwao mwindaji wa kulungu huyanunua dukani kama unavyonunua khanga Kariakoo. Msimu uliopita mmoja alishuka uwanja wa ndege akiwa na kapelo ya mabakamabaka, naye kijana wetu aliyetumwa kumpokea akamsifu kwamba imempendeza na akapiga naye picha. Nilimvua mgeni kofia ile kwa adabu zote na kumpa pama yangu, nikaondoka kichwa wazi katika jua la saa saba. Andikeni katazo hilo mwanzoni mwa barua, wala si chini karibu na sahihi.

2. Rangi. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na ndiyo sababu vitambaa vya mitego yao hutengenezwa kwa rangi hizo. Mgeni mwenye kofia ya bluu iliyokoza atatumia nusu ya safari akijipiga makofi shingoni. Nyeupe nayo inaonekana toka mbali. Kahawia au rangi ya mchanga inatosha.

3. Ukingo. Waaustralia, ambao saratani ya ngozi imewafundisha kwa ukali, hupendekeza ukingo wa kofia usiopungua sentimita 7.5, na kipimo hicho kinafaa hata kwetu, kwa sababu kapelo inakinga paji la uso na kuacha masikio na kisogo vikiungua. Lakini ukingo ukiwa mpana na mgumu hugonga darubini ya bunduki pale mgeni anapoinamisha shavu kulenga, na mnyama hangoji mtu arekebishe kofia. Takeni kitambaa laini kinachokunjika mbele, chenye kamba ya kidevuni, kwa maana gari la kuwindia liko wazi na upepo wake hauna huruma. Kofia za ukili ni nzuri Coco Beach. Kichakani zinakwaruza miiba, na nyati anasikia. Waangalieni wafuata nyayo wetu wanavyofanya: wakikaribia mnyama, mkono mmoja unavua kofia, unaiminya na kuisukuma ndani ya mfuko wa suruali, huku macho hayajabanduka ardhini. Kofia isiyoingia mfukoni haifai kutambaa nayo. Mitumba ya Karume ina nyingi za namna hiyo, tena zimekwisha kulainika kwa kufuliwa, kwa hiyo mgeni aliyepotelewa na mzigo asipelekwe kwenye maduka ya hoteli.

4. Bakshishi. Hapa nitakawia, kwa sababu mnarudia lile nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni katika kazi hii. Mwindaji mmoja aliyekuwa akienda safari ya siku 21 kusini aliniuliza, tukiwa tunangoja ndege yake, awape watu wa kambini kiasi gani, nami nikamjibu kwa unyenyekevu niliouona kuwa ni ustaarabu: awape mwishoni kadiri atakavyoridhika. Alikuwa mtu mkarimu na akafanya hivyohivyo. Alimpa mwindaji bingwa, yaani yule anayemwongoza mgeni katika uwindaji, akampa mfuata nyayo mkuu, akampa mhudumu aliyemletea chai hemani kila alfajiri. Yaani aliwapa wote aliowaona. Mchuna ngozi hakumwona, kwa kuwa banda la ngozi huwekwa mbali na mahema kwa ajili ya harufu na inzi, na mtu yule alikuwa amekesha akikwangua na kupaka chumvi ngozi ya nyati ili nyara za mgeni huyohuyo zisiharibike. Hakupata kitu. Mchota maji hakupata kitu, msaidizi wa mpishi hakupata kitu, na dereva wa lori aliyetangulia na mizigo siku mbili kabla hakukumbukwa hata kwa jina.

Hao waliopata nao hawakufika mbali. Baada ya msimu mfuata nyayo alisafiri kwa basi toka Liwale hadi ofisini kwangu, akakaa, akafungua kitambaa, akaanza kupanga noti mezani moja moja: za dola moja, za dola tano, kadhaa za matoleo ya miaka ya tisini, na moja iliyochanika pembeni ikabandikwa kwa utepe wa plastiki. Akaniuliza, “Bosi, hizi ni pesa au ni karatasi?” Tulizunguka naye asubuhi nzima kwenye maduka ya kubadilisha fedha. Noti za zamani zilikataliwa kote, iliyobandikwa ilirudishwa bila hata kuguswa mara ya pili, na zile ndogo zilipokelewa kwa bei ya chini kuliko noti za hamsini na mia, kama ilivyo desturi ya maduka hayo. Sikuwa na la kumwambia. Mimi ndiye niliyezungumza na mgeni, na jibu langu lilikuwa la mtu asiyetaka kuonekana anaomba. Mchuna ngozi hakuja kuniuliza chochote. Msimu uliofuata alikuwa kambi nyingine, na aliyechukua nafasi yake alichelewesha chumvi, manyoya yakanyofoka, na barua ya malalamiko ikatufikia toka ng'ambo.

Kwa hiyo barua ya mgeni iambatane na orodha ya kila mtu wa kambi kwa jina na kazi yake, pamoja na kiwango cha kila siku ambacho kampuni inakipendekeza, na hapo ndipo neno hiari litakuwa na maana, kwa sababu atakuwa anachagua huku akijua. Fedha zibadilishwe Dar ziwe shilingi, kwani porini hakuna benki, na tangu kanuni za mwaka 2025 zilizokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, dola haina kazi dukani kijijini. Bahasha ziandikwe majina hapa ofisini. Zigawiwe mbele ya watu wote siku ya mwisho, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyotajiwa bakshishi yao hadharani, na mwindaji bingwa apewe yake na mgeni mwenyewe, mkononi.

5. Askari wa wanyamapori hayumo katika orodha hiyo. Yeye ni mtumishi wa umma, anafuatana na msafara ili kuusimamia, na bahasha anayopewa safari ikiendelea itasomeka kuwa rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007 hata kama mgeni alikuwa na moyo safi. Anayetaka kumshukuru amwandikie mwajiri wake barua. Kuna kijana aliniambia kwamba askari atanuna. Na anune, kazi yake si kutufurahia.

6. Wageni hupenda kuacha kofia, viatu na tochi kambini kuwa zawadi, na baadhi yao huhesabu kwamba wamekwisha kutoa bakshishi. Waelezeni mapema kwamba vitu hivyo huja juu ya bahasha na haviichukui nafasi yake. Kila zawadi iandikiwe karatasi yenye jina la mtoaji, la mpokeaji na sahihi ya meneja wa kambi, ili kijana asije akasimamishwa njiani akidhaniwa ameiba. Na ikiwa pamoja na katazo letu mgeni amefika na kapelo ya mabakamabaka begini, msikubali aiache kwa yeyote, maana yeye atakuwa kwao wakati mpokeaji anaulizwa maswali kituo cha mabasi. Rasimu za barua za Julai nazirudisha zote leo. Nazitaka mezani kwangu Ijumaa, zikiwa na orodha ya majina, na jina la mchuna ngozi liwe la kwanza.