Pacha Mmoja Akifa Kimya: Diski Mbili Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Mteja wa kwanza atakayekuletea kazi hii hapa Tanga huenda akawa mpiga video za harusi wa Ngamiani au Chumbageni. Ana diski mbili za TB 2 na anataka ziwe kitu kimoja. Kabla hujashika bisibisi, muulize anatafuta nini: nafasi, kasi au usalama. Kwa diski mbili hapati vyote vitatu.

RAID ni njia ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. RAID 0 hukata faili vipande na kuvigawa kwa zamu, hiki huku, kile kule. Anapata TB 4, na faili kubwa husomeka kwa kasi inayokaribia maradufu. Lakini diski moja ikifa, iliyobaki imeshika vipande visivyo na wenzake, na kazi yote imekwenda. RAID 1 huandika kitu kilekile pande zote mbili: nafasi ni TB 2 tu, ila moja ikifa kazi haisimami. Anayetaka kasi, mshauri anunue SSD moja ya SATA, diski isiyo na sahani inayozunguka. Hiyo husoma kama MB 500 kwa sekunde, wakati diski mbili za sahani zilizounganishwa hufika MB 300 hivi, tena pale faili zilipojipanga mfululizo. RAID 0 tunaiachia folda ya kuhariria tu, ambayo asili yake imehifadhiwa kwingine.

Basi tuzungumzie pacha, yaani RAID 1. Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walipoandika kuhusu RAID mwaka 1988, hoja yao ilikuwa diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja ghali. Kwa hiyo diski ya mtumba si aibu, mradi uipime kwanza. Kwenye Linux sakinisha programu ya smartmontools, kisha:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Tazama mstari wenye namba (ID#) 5 na wenye 197, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa. Namba ya mwisho ikizidi 0, irudishe dukani. Mstari wa 9 ni saa ilizokwishafanya kazi; mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, hivyo inayoonyesha 40,000 imekesha zaidi ya miaka minne. Mstari wa 199 ukipanda, mara nyingi si diski bali ni kebo au meno yake yaliyoshika kutu, na hewa yetu ya chumvi huyala meno hayo upesi. Badilisha kebo ya SATA kabla ya kuilaumu diski.

Usinunue zote mbili siku moja katika boksi moja. Zilizotoka kiwandani pamoja na kufanya kazi pamoja zaweza pia kuugua pamoja. Ziepuke zile za SMR, zinazopandishia data kama vigae: zikijengwa upya, yaani kunakiliwa kila kitu kutoka kwa pacha aliyebaki, huchukua muda mrefu mno. Diski mbili za nje za USB nazo usizifanye pacha. Kebo ikicheza kidogo, pacha huvunjika.

Kuhusu RAID iliyomo ndani ya mazabodi, tunaikwepa. Mazabodi ikifa, na huku pwani hufa, utaanza kutafuta nyingine inayofanana nayo. Windows ina Storage Spaces, nayo hufanya pacha hata kwenye toleo la Home. Kumbuka tu kwamba hufuta kila kilichomo kwenye diski unazoipa. Kwenye Linux, programu ya mdadm huandika taarifa zake ndani ya diski zenyewe. Zihamishie mashine nyingine yenye Linux, andika sudo mdadm --assemble --scan, zinafunguka.

Hatua zenyewe, kwa Linux ya Ubuntu au Debian, ni chache. Orodhesha diski pamoja na siriali namba zake:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Andika kila siriali kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa diski, upande unaoonekana kesi ikifunguliwa. Usiruke hili. Majina sdb na sdc yaweza kuhama unapochomoa kebo, na anayefuata jina tu huishia kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Kisha gawa kila diski, ukikumbuka kwamba amri hii hufuta kila kitu:

sudo parted -s -- /dev/sdb mklabel gpt mkpart data 1MiB -100MiB

Rudia kwa /dev/sdc. Zile MiB 100 za mwisho zimeachwa makusudi: TB 2 ya kampuni hii yaweza kupungua kidogo kuliko ya kampuni ile, na diski ya kubadilishia ikipungua hata kiasi kidogo sana, mdadm huikataa. Sasa unganisha:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1
sudo mkfs.ext4 /dev/md0
sudo mdadm --detail --scan | sudo tee -a /etc/mdadm/mdadm.conf
sudo update-initramfs -u

Ukisahau mistari miwili ya mwisho, ukiwasha tena utaikuta inaitwa md127 na utadhani imepotea. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine inapowaka, tumia UUID (kitambulisho kisichohama) na uongeze nofail, la sivyo siku pacha isipopatikana mashine itagoma kuwaka. Kulinganisha TB 2 huchukua saa nne au tano. Unaweza kuendelea na kazi huku ikilingana.

Wengi hufika hapa wakapokea hela. Kasoro huanzia hapahapa, kwa sababu pacha mmoja akifa kompyuta haipigi kelele. Video zinafunguka, mteja anafurahi, na miezi sita anatembelea diski moja bila kujua. Jibu liko ndani ya cat /proc/mdstat: [UU] ni wazima wote, [U_] au [_U] mmoja hayupo. mdadm hutaka kutuma barua pepe, lakini kompyuta ya nyumbani isiyopangiwa huduma hiyo haitumi popote. Iweke amri hiyo mwishoni mwa faili la .bashrc ili ionekane kila terminali inapofunguliwa, na mfundishe mteja kuisoma hiyo alama tu.

Halafu jaribu mbele yake. Zima, chomoa kebo moja, washa, subiri kama nusu dakika, hakikisha faili zinafunguka na alama ni [U_] au [_U]. Zima tena, rudisha kebo, na kama haikujiunga yenyewe, thibitisha jina lake kwa siriali ndipo uandike sudo mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1.

Mwambie pia wazi kwamba pacha si bakapu. Akifuta folda ya harusi, inafutika kote kuwili papo hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo, diski zote mbili zinakula kwenye pawasaplai moja. UPS ya VA 650 humpa dakika za kuzima kistaarabu. Diski ya tatu, isiyochomekwa muda wote, ikae kwa ndugu Muheza ndani ya boksi lenye vipakiti vya kukausha unyevu. Wakati wa kaskazi angalia joto, mstari wa 194: likivuka 45, acha nafasi kati ya diski mbili na uongeze feni ya mbele.

Siku diski itakapokufa kweli, usikimbilie kuchomeka mpya. Kuijenga upya kunaisoma iliyobaki mwanzo hadi mwisho kwa saa kadhaa, nayo huenda ina umri unaokaribia wa marehemu. Nakili kwanza kazi ambazo hazijakabidhiwa kwa wateja kwenye ile diski ya tatu, ndipo uandike --add.