Usiondoe gari kabla hujaona nani kampokea

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua, lakini jana kaenda kikoba hivyo hivyo na karudi na maneno ya wiki nzima. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Vidole vyangu havipatani na simu, kwa hiyo nimechukua daftari. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeniuliza kuhusu yule mtoto wa miaka kumi na miwili mliye naye kwenye kituo chenu cha kuhifadhi watoto hapo Mwanza. Shangazi yake ndiye aliyemleta mjini afanye kazi za ndani, akaumizwa, na mama mzazi alikuwa anajua alikopelekwa. Sasa muda wake wa kukaa kituoni unaisha. Je, arudishwe kwa mama yake, au atafutiwe pengine? Unaniuliza mimi kwa sababu nilikuwa dereva wa Singida na watoto wa namna hiyo nimewaona wengi.

Nimewaona, ndiyo. Nimewapakia.

Unamkumbuka yule mama wa vitenge niliyekuwa namtaja mezani, mteja wangu wa kila mwaka? Alikuwa anakuja stendi ya Singida mwezi wa tisa au wa kumi, darasa la saba wakishamaliza mtihani, na wasichana wanne, watano. Kila mmoja na rambo lake. Nauli analipa kamili, habishani, na mimi ananiachia ya chai. Yale makreti ya soda mliyokuwa mnayafurahia Krismasi, wewe na kaka zako, yalitoka kwenye hiyo chai. Sijawahi kukwambia. Ubungo nilikuwa nawashusha, wapiga debe wanawazonga, nami nimeshageuza gari nawaza kulala.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu imekuja mwaka 2008. Uliponisomea jina lake nilicheka, ukadhani nadharau. Usafirishaji! Si ndiyo kazi iliyokusomesha? Nilikuwa nimesafirisha miaka kumi na zaidi, tena nasifiwa kwa kutochelewa.

Basi nikusimulie safari moja, ya mwaka 2004, kwa sababu hiyo ilikwenda upande wa pili.

Shirika moja la kusaidia watoto pale Dar lilikuwa linamrudisha binti kwao, kijiji cha ndani ndani huko Ikungi. Jina lake silitaji, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Aliletwa garini na dada mmoja wa kituo, mpole, ana faili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Viti vya nyuma vimejaa, nikawakalisha mbele, karibu na mimi. Na nikamtambua. Miaka miwili nyuma alikuwa amekaa kiti cha nne upande wa dirisha, akaniuliza Morogoro, "Baba, hapa ndiyo Dar?" Gari zima lilicheka. Na mimi nilicheka.

Safari hii hakuuliza kitu. Kibaigwa nikamnunulia hindi la kuchoma. Akala nusu, punje kwa punje, halafu lile lililobaki akalifunga kwenye kipande cha gazeti na kulitia chini ya nguo kwenye begi. Nikamwambia ale tu, nitamnunulia lingine. Yule dada akanigusa bega: "Mwache, baba. Wote wanaficha. Hata kituoni tunakuta ugali chini ya godoro, na hatuwasemi." Nikanyamaza mpaka Dodoma. Kutoka pale kwenda Manyoni wakati ule bado ni vumbi tupu, nikashukuru vumbi, maana macho yalikuwa yananitoka machozi na hakuna aliyeshangaa.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Sijui nini kilinisukuma, nikawasindikiza mpaka kwao. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, karatasi zikasainiwa. Mama mtu alikuwa anatwanga uwele; aliweka mchi chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akasimama pale pale. Baba mtu akatoka ndani, akamtazama binti yake, akalitazama begi, akamuuliza yule dada wa kituo:

"Amekuja na nini?"

Mwanangu, nimeendesha gari miaka ishirini na sita, nimeona ajali za kutosha. Sijasikia neno lililonipiga kama lile.

Yule mtoto akafungua begi, akatoa lile hindi, akampa mdogo wake.

Hapo ndipo ningetaka niishie, nikwambie usimrudishe. Lakini haki ni haki. Yule baba hakuwa mnyama. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa, ndiyo, lakini sare na madaftari havikufutwa, na mwaka ule mtama wao ulikuwa umekauka shambani. Pengine aliuliza kama mtu yeyote anavyouliza mgeni aliyetoka mjini. Na mama, nilipogeuka mara ya mwisho, alikuwa amechuchumaa anamfungua binti nywele, anatafuta kitu kichwani, chawa au kovu, sijui. Kituo gani kitampa hicho? Nyumba salama ni nyumba ya kupona. Mtoto hawezi kuzeekea humo, na wafadhili wenyewe ndio hao, leo wapo kesho hawapo. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 uliyonisomea inasema mtoto aishi na wazazi wake, mpaka mahakama ione hilo linamdhuru.

Kwa upande mwingine, uliniambia habari ya ule utafiti wa 2009, kwamba wasichana karibu watatu kati ya kumi nchini walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka kumi na minane. Nilipiga hesabu kidereva. Basi la viti sitini likijaa wasichana watupu, ni kama kumi na wanane. Siwezi kuamini kwamba wote hao walikuwa wasichana wa kazi wa watu. Wengine walikuwa wamelala kwao.

Ndiyo maana nakuambia neno langu lile lile ulilolichoka: ukimshusha abiria, usiondoe gari kabla hujaona nani kampokea. Utingo wangu alikuwa ananicheka, napoteza dakika tano kila kituo kwa ajili ya bibi na kuku wake. Kwa wale wasichana wa Ubungo sikuzipoteza. Na lile shirika nalo, sitalisema vibaya, lakini baada ya siku ile sikuona mtu wao akirudi kijijini. Nilipopita miezi minne baadaye nikaulizia. Mtendaji akasema binti ameondoka tena. Na nani? Akaangalia pembeni.

Mliyonayo leo ninyi, wakati ule hatukuyajua: madawati ya jinsia na watoto polisi, namba 116 mtoto anapiga bure. Na hapo hapo Mwanza kuna WoteSawa, shirika la kutetea wafanyakazi wa nyumbani, lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe alipitia kazi za ndani. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo kuhusu mtoto huyu, msikilize kuliko unavyonisikiliza mimi. Yeye alikuwa abiria.

Sasa hukumu. Mama yako anasema nisikuamulie, kazi ni yako na umeisomea. Sawa, sikuamulii. Ila kama ni mimi, ningekwenda kwa yule mama kwanza, peke yangu, bila mtoto na bila gari la shirika lenye maandishi ubavuni, nikae uani mpaka jioni nione anavyowaita watoto wake wengine. Halafu, hata akirudishwa, ningerudi mwezi wa kwanza, na wa tatu, na mwezi wa tisa. Hasa wa tisa. Basi, nimenyamaza.

Mtoto mwenyewe mmemuuliza? Hukuandika.

Mkipanga siku ya kwenda, niambie mnapanda basi gani. Madereva wa njia hiyo wengine walikuwa matingo wangu. Nitampigia awaweke mbele, na asimlazimishe kula.

Baba yako