Siku niliyoulizwa kwa nini ninanong'ona

Nikisema mimi ni kocha, hapa Kisumu swali linalofuata ni moja tu: wa timu gani? Zamani nilikuwa naeleza, siku hizi nacheka. Sina timu. Ninakaa na mameneja, walimu wakuu na watu ambao biashara zao zimekua haraka kuliko wao, nawauliza maswali mpaka wajue wenyewe wanataka kufanya nini. Huu ni mwaka wa tisa. Miaka minne ya kwanza hakukuwa na mtu wa kuniuliza mimi maswali, na sikuona kasoro yoyote.

Mtu wa aina hiyo, anayekaa na kocha na kumsaidia kuitazama kazi yake, huitwa msimamizi, na nikiri kwamba neno lenyewe lilinikwaza. Msimamizi, kwa masikio yangu, ni yule wa mtihani anayepita katikati ya madawati akitafuta nani ana karatasi mfukoni. Nani atatoa pesa yake mwenyewe ili asimamiwe?

Kilichonipeleka ni mteja mmoja, ambaye nitambadilisha kidogo asitambulike. Aliongoza ofisi yenye watu kama thelathini, mpole, na mwajiri ndiye aliyelipa. Tulikubaliana vikao vinane. Kufikia cha tano alikuwa ananipigia saa nne usiku, nami napokea. Nilimwandikia hata barua ya kumpelekea bosi wake. Mimi, kocha, nikaandika barua ya mteja! Mke wangu ndiye aliyeniuliza kama nimepata ajira mpya.

Nikamtafuta mama mmoja wa Milimani, mwalimu mstaafu aliyesomea ushauri nasaha kisha ukocha. Alinikaribisha barazani alasiri, upepo wa ziwa umeshaanza, kwarara wanapiga kelele juu ya mwembe. Nikamsimulia habari za yule mteja kwa dakika kumi hivi. Hakuandika kitu. Nilipomaliza akaweka kikombe chini.

"Baba Neema, mbona unanong'ona?"

"Mimi, Mwalimu?"

"Tangu umtaje huyo mtu unaninong'oneza. Na hapa tuko sisi wawili na ndege."

Nilikaa kimya. Kisha nikakumbuka kwamba mteja naye hunong'ona, ingawa tunakutana kwenye chumba nilichokodi mbali kabisa na kazini kwake, mlango umefungwa. Ofisini kwao kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Ule woga ulitoka huko naye, ukaketi nasi chumbani, nami nikaupandisha hadi Milimani bila kuulipia nauli. Barua niliyoandika ilikuwa woga ule ule: hata mimi sikuthubutu kumwambia aongee na bosi wake kwa mdomo.

Jambo hili linajulikana kwa wataalamu. Harold Searles, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliliandika mwaka 1955: yanayopita kati ya mgonjwa na tabibu huweza kujirudia kati ya tabibu na msimamizi wake, bila yeyote kukusudia. Baadaye, miaka ya 1980, Mwingereza Peter Hawkins akachora ramani ya macho saba ya kutazamia kazi yetu. Unamtazama mteja, unatazama ulichomfanyia, uhusiano wenu, wewe mwenyewe, halafu uhusiano wako na msimamizi, msimamizi mwenyewe, na mwisho mazingira yanayowazunguka wote. Peke yangu nilikuwa natumia mawili ya kwanza. Mwalimu alinishika kwa la tano.

Kikao kilichofuata nilimwambia mteja, "Nimegundua tukiwa hapa tunanong'ona." Alicheka, akanyamaza muda mrefu, kisha akaanza kuongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Sidai kwamba mambo yake yalinyooka. Mwaka uliofuata aliacha kazi ile. Lakini simu za usiku zilikoma, na barua akaandika mwenyewe.

Swali la kwa nini nilikuwa napokea simu hizo lilituchukua vikao vitatu zaidi. Linamhusu marehemu kaka yangu, na nitaliacha hapo. Mwalimu naye alifika mahali akaniambia wazi kwamba hiyo sehemu si kazi yake, akanielekeza kwa mshauri nasaha. Msimamizi asiyejua mpaka huo mwogope.

Sasa, kwa wewe kocha unayefikiria kumtafuta wako. Hakuna atakayekulazimisha. Washauri nasaha na wanasaikolojia wana sheria yao hapa Kenya tangu 2014. Sisi makocha yeyote anaweza kuamka na kubandika kibao. EMCC, chama cha makocha kilichoanzia Ulaya, kinapendekeza angalau saa moja ya usimamizi kwa kila saa 35 unazokaa na wateja. Mimi huhesabu hivyo, kwenye daftari. Wenzangu wanaotafuta cheti cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, huniambia wameshapitia zile saa 10 za kulelewa na kocha mzoefu. Ni vizuri, ila ni kitu kingine: pale unatazamwa ustadi wako, unavyouliza na unavyosikiliza. Kwenye usimamizi unaweza kuwa umeuliza kwa ustadi kabisa na bado ukawa umemezwa na mteja.

Usimchague anayekuletea wateja, maana hutamwambia ulipoharibu. Usimchague rafiki wa harusi na matanga. Na muulize swali moja kabla ya bei: wewe nani anakusimamia? Mwalimu alinijibu papo hapo, wa kwake yuko Nairobi na wanaongea kwa Zoom. Mwingine niliyemuuliza kabla yake alichukizwa, nikajua nimejibiwa.

Siri ndiyo inayonisumbua kuliko yote katika mji kama wetu, ambapo ukitembea kutoka Kibuye hadi Oginga Odinga Street utasalimiwa na watu saba wanaomjua mteja wako. Nina kosa langu hapa. Tuna kikundi cha makocha wanne, tunasimamiwa pamoja kila mwezi na kugawana gharama. Mmoja wetu hujiunga kwa simu kutoka Kakamega. Siku moja nikamtaja mteja bila jina, lakini nikasema anaendesha Probox ya kijani. Uso wa mwenzangu ulibadilika. Alikuwa binamu yake. Tulisimamisha kikao pale pale, na nikamweleza mteja siku iliyofuata, jambo ambalo silitamani tena. Tangu hapo huwa nabadilisha kazi, umri, hata idadi ya watoto, na mkataba wangu wa kwanza na kila mteja una sentensi inayosema kazi yangu husimamiwa, na na nani. Hadi leo hakuna aliyekataa. Wengine huonekana kufarijika.

Bei? Kikao cha wawili kinanigharimu karibu sawa na ninachotoza mteja kwa saa moja. Inauma. Kikundi ni nafuu, ila kwenye kikundi kuna majivuno: miezi miwili ya mwanzo nilikuwa napeleka wateja waliofaulu tu, nikipigiwa makofi, na sikujifunza kitu. Mwalimu hakunikemea. Aliniomba tu nilete orodha ya wateja wangu wote kwa herufi za kwanza, akaniuliza ni herufi ipi ambayo jicho langu linairuka.

Siku hizi naandaa orodha hiyo jioni kabla ya kikao. Cha Alhamisi nimeshakiandaa. Ni herufi M, na ningependa sana tuzungumze juu ya mtu mwingine.